Mwanamke wa Kutembea Naye

Jumatatu, 3 Juni

Vita vimetangazwa. Mezani mke wangu kasema kila mwenye mpango wa likizo autoe Jumapili, na mama yake ndiye atakayeamua. Aliposema "kila mwenye mpango" alinitazama mimi, kisha akamtazama kaka yake. Shemeji huyo tunamwita Meneja. Aliwahi kuachiwa funguo za ofisi ya watu wiki moja tu, jina likamganda.

Mwaka jana nilipanga mimi. Tukamaliza likizo yote gereji tukisubiri injini. Binti yetu akaenda kuandika insha shuleni kuhusu makanika. Alipata alama nzuri, lakini bado iliniuma. Sasa mke wangu anasema nikiboronga tena, likizo zote za familia hii zitakuwa mikononi mwa Meneja mpaka tuzeeke. Maana yake hoteli ya ziwani kila mwaka, na Meneja kifua wazi kando ya bwawa akitupigia filimbi. Sikubali!

Mpango wangu ni mji wa kale. Mitaa ya mawe, milango mizito, ukuta umezunguka pande zote. Magari hayaingii, kila kitu kwa miguu. Kabla hatujaoana mke wangu aliniambia anatamani kwenda mahali pa kutembea tu, sisi wawili, bila haraka na bila kutafuta pa kuegesha gari. Yeye amesahau. Mimi sijasahau. Lakini mdomo nimeufunga mpaka Jumapili, maana Meneja akinusa tu ataniibia.

Jumanne, 4 Juni

Tatizo. Familia yangu haijui kutembea! Hata dukani, hapo kona, wanakwenda na gari. Nikiwapeleka kwenye mawe hivi hivi watanifia.

Dawa nimeipata. Ufunguo wa gari nimeuchukua asubuhi nikaenda nao karakana. Mimi ni fundi wa makochi. Maficho kwangu si shida. Nimeutumbukiza chini ya sponji ya kochi kubwa la kijani ninalolipiga kitambaa kipya. Hata polisi hawaupati.

Matokeo mazuri sana. Mke wangu kaenda kazini kwa miguu. Binti kaenda shule kwa miguu, akinung'unika mpaka sauti ikapotelea barabarani. Mama mkwe, tunayeishi naye, kaenda kwa mshonaji wake na kurudi, magoti yakimlilia. Jioni wote walikuwa wanatafuta ufunguo. Nikawasaidia kuutafuta. Nilitafuta kwa bidii kuliko wote, mpaka mke wangu akanionea huruma.

Jumatano, 5 Juni

Siku kubwa! Nimempata mtu wa kutuongoza kule. Mama mmoja, kazi yake ni kuwatembeza wageni mji mzima. Nilimpigia nikiwa nyuma ya karakana, katikati ya marobota ya vitambaa. Ana sauti ya ucheshi. Akaniambia kuna vichochoro vyembamba kiasi kwamba mtu na mkewe lazima wapite ubavu, la sivyo wanakwama. Nikacheka mpaka machozi. Nilikuwa namwona mke wangu amekwama na mimi, ananilaumu.

Nageuka, Meneja huyu hapa! Eti kaja kuazima stepla. Nikakata simu haraka nikasema mtu alikosea namba. Akaitazama simu, akanitazama mimi, akaitazama tena simu. Akaondoka bila stepla. Maskini, anajua nina jambo ila hajui ni jambo gani. Nimempiga chenga safi.

Alhamisi, 6 Juni

Msiba. Nimekwenda kununua uzi, narudi kochi la kijani halipo. Fundi mwenzangu, kwa wema wake, kalimalizia kulishona chini na kumkabidhi mwenyewe. Mwenyewe ni mwalimu mkuu mstaafu, mjane, anakaa peke yake mtaa wa pili. Mama wa heshima zake. Aliwahi kunifundisha hesabu, na mpaka leo akinitazama nasahau jedwali la saba.

Nikaenda kwake. Nikamdanganya kwamba kiwandani wametuonya kuhusu sponji, lazima niikague. Akanikaribisha chai. Nikaufumua mshono nyuma ya kochi, nikalala kifudifudi juu yake, nikaingiza mkono mpaka begani. Ufunguo nikaupata, mkono ukagoma kutoka! Ilibidi mwalimu anishike kiuno avute. Tukavutana pale, yeye anahema, mimi naomba radhi. Pazia liko wazi. Na nje anapita nani? Meneja, ndani ya gari lake, taratibu kama msafara wa harusi. Nikampungia kwa mkono uliobaki. Ningefanyaje?

Nimerudi nyumbani shati limechanika, nywele zimejaa pamba. Mke wangu akauliza nilikuwa wapi. Sipendi kumdanganya mke wangu zaidi ya inavyohitajika, kwa hiyo nikamwambia nilikuwa kwa mwalimu mkuu, nilisahau kitu changu kwenye kochi lake. Hakuuliza kitu gani. Aliniangalia tu, akaenda kufua. Mke mwelewa nimejaliwa. Ufunguo nimeudondosha nyuma ya jokofu, waukute wenyewe.

Ijumaa, 7 Juni

Nimeshindwa kujizuia. Meneja kaja kula kwetu na picha za hoteli yake. Bwawa kubwa, bwawa dogo, bwawa la kuangalia tu. Mama mkwe akawa anatikisa kichwa kwa kuridhika. Meneja akaniuliza, kwa dharau ile ya kusugua meno na kijiti, kama mimi nimejipanga au nimelala.

Damu ikanichemka. Nikasema sijalala. Nikasema nimempata mwanamke wa kutembea naye.

Wote wakanigeukia! Nikaona imewaingia, nikakoleza. Nikasema si mwanamke wa kubahatisha, ana uzoefu wa miaka ishirini. Wakubwa wengi wametembea naye, hata wageni wa ng'ambo, na wote wamemsifu. Ana cheti. Hachoki. Asubuhi mapema, kabla jua halijawa kali, ndiyo wakati wake mzuri hasa.

Kijiko cha mama mkwe kikaanguka. Akauliza kwa sauti ndogo kama mwanawe anajua. Nikasema ndiyo kwanza anasikia, nilitaka iwe siri mpaka Jumapili. Mke wangu akainuka, akaingia chumbani kwa binti, mlango ukafungwa.  Nimemmaliza Meneja! Kijiti bado kilikuwa mdomoni.

Jumamosi, 8 Juni

Mke wangu kalala kwa binti. Nadhani wameanza kuzoea kulala chumba kimoja, akijua safarini tutabanana. Binti hanisalimii. Ni umri wake huo, utapita.

Mama mkwe kamwita mjomba wa mke wangu, yule anayeitwa kila penye ugomvi. Nimeshangaa. Sikujua naye anataka kwenda likizo. Nikamwambia mke wangu mjomba asiwe na wasiwasi, yule mama anapenda makundi, nafasi ipo hata kwa wazee. Akanifungia mlango usoni.

Mchana kutwa nimeshona ramani. Kitambaa cha mwisho cha kochi la kijani, ukuta wa mji nimeutia mkanda wa dhahabu, milango nimeidarizi kwa uzi mwekundu. Imependeza. Kesho wataniheshimu, hilo naapa.

Jumapili, 9 Juni

Nimepita chumbani asubuhi nikakuta begi la mke wangu liko tayari, limefungwa zipu. Nikafurahi, nikamwambia mapema yote hii ya nini, likizo bado. Akasema haendi likizoni. Anakwenda kwa dada yake.

Hapo niliogopa.  Lakini nikapiga moyo konde nikaingia ukumbini na ramani kwapani.

Mjomba yupo. Nikampa shikamoo, akaitikia kwa shida. Akauliza kama najua kilichowakutanisha. Nikasema najua. Akauliza kama huyo mwanamke ni kweli yupo. Nikasema yupo, na sioni aibu, haya yote nafanya kwa ajili ya mke wangu. Meneja akapaliwa. Mjomba akauliza, taratibu, nakusudia nini. Nikasema nakusudia tutembee naye sote, mama mkwe akiwemo, na magoti yake atayavumilia kwa sababu mwanamke huyo anajua kwenda polepole na wazee.

Mama mkwe akaomba maji.

Nikaona maneno hayatoshi. Nikampigia yule mama, nikaweka sauti ya nje. Akapokea kwa uchangamfu, akawasalimu wazee wote, akauliza tutakuwa wangapi. Akasema tuvae viatu visivyo na visigino. Tutaanzia lango la zamani, tutaufuata ukuta, na kila penye kivuli bibi atapata pa kukaa. Kisha akauliza kama yule fundi amemwambia mkewe kuhusu kile kichochoro cha kupita ubavu, maana alicheka sana aliposikia, akawa anamtaja mkewe tu.

Mjomba alikohoa muda mrefu. Binti akaninong'oneza sikioni kile ambacho watu huelewa mtu akisema ana mwanamke anayetembea naye. Masikio yalinichoma! Miaka yote nimekuwa nikitembea na mwenye nyumba wetu kila jioni mpaka sokoni, na nimewaambia watu wengi.

Mke wangu alikuwa analia na kucheka pamoja. Alinitupia mto, nao nimeushona mwenyewe, una kona ngumu. Baadaye, tukiwa wawili jikoni, aliniambia mwanamke hakumuuma sana. Kilichomuuma ni kusikia kwa Meneja kwamba nilikuwa nacheka kwenye simu namna ambayo nyumbani sicheki siku hizi.  Nikamwonyesha kichochoro kwenye ramani. Akakigusa kwa kidole, akauliza kama kweli tutaenea. Nikasema tutajaribu.

Jumatatu, 10 Juni

Hukumu imetoka. Mama mkwe amechagua mji wa kale! Kasema sauti ya yule mama imemtuliza. Nikaruka. Akaniambia nikae, hajamaliza. Tunakwenda, ila kuanzia leo mimi nimepigwa marufuku kupanga chochote. Mke wangu ndiye atakayeongea na watu. Meneja ataendesha gari mpaka langoni. Mimi nitabeba mabegi, na nitakuwa kimya.

Begi la kwa dada limefunguliwa. Hilo ndilo nililolitaka. Nimesema asante na nimekubali kila kitu. Nimeapa mbele ya mjomba kwamba nimejifunza.

Jumatano, 12 Juni

Nimejifunza kweli. Neno "kutembea" sitalitamka tena mbele ya watu, hata kwa kiboko.

Lakini mke wangu amechoka, anahangaika na kazi, na mahali pa kufikia bado hajapata. Nimekatazwa kupanga. Hakuna aliyenikataza kusaidia. Kwa hiyo leo nimepiga simu mbili tatu kimyakimya, nyuma ya marobota. Nimepata nyumba nzuri kabisa, ndani ya ukuta, ya mama mmoja mjane. Mkarimu mno! Ila mimi ni fundi, siwezi kuwalaza watu wangu kwenye springi nisizozijua. Mama kakubali nitangulie siku moja peke yangu, nijaribu kitanda.

Mke wangu atafurahi sana. Ijumaa Meneja na mjomba wanakuja kula, nitaitangaza hapo hapo mezani, wote wasikie. Maneno nimeshayapanga, ni machache na hayawezi kumchanganya mtu: nimempata mwanamke wa kulala kwake.