Kuhusu Kukamatwa kwa Kware Wangu, Askofu

Phanuel Mulama,
Nyuma ya soko la Matayos,
Busia.

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Kulinda Mazingira ya Kijiji.

Mheshimiwa Mama Milka,

Pokea salamu za mtegaji aliyekasirika lakini bado ana adabu. Najua wewe ni mke wa kaka yangu Zephaniah, na kwa kawaida ningekuja jikoni kwako tuyamalize kwa chai. Lakini ulikuja kwangu kama kamati, basi nami nakuandikia kama kamati. Ushemeji tutaurudia mwisho wa barua.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Jumatatu asubuhi kamati yako iliangusha mlingoti wangu na kumchukua kware wangu aitwaye Askofu. Nimempa jina hilo kwa sababu huanza ibada mapema na haombi sadaka. Kwa faida ya wanakamati waliokulia mjini, nieleze. Sisi huku kware, au isindu, hatumkimbizi na mbwa. Tunamfuga dume mwenye sauti, tunampandisha mlingotini ndani ya kikapu, naye alfajiri anaimba. Wale wa porini wanakuja kumtafuta mwenzao, na kwenye nyasi wanakuta vitanzi. Hakuna risasi, hakuna moshi, ni wimbo tu. Nilipomuuliza Quinton, yule kijana wa kamati yako, kosa langu, alinijibu, "Mzee, hii ndege sasa iko chini ya kamati. Wewe ni enemy ya environment." Mimi! Niliumia sana, na hadi leo naumia.

2. Adui wa mazingira hawezi kuwa na nyasi kama zangu. Kipande cha chini cha shamba sijalima, sijachoma wala kupiga dawa, kwa sababu kware anapataka hivyo. Jirani yangu Oundo, ambaye maishani mwake hajatega hata panya, amelima mpaka ukingo wa mto na kukata kila mti uliosimama. Yeye mmempa cheti cha kutunza mazingira.

3. Siku ya kumpa hicho cheti kamati ilikula samaki. Sikusimuliwa, nilikuwepo. Walikuwa ngege wa kutoka Sio Port, wadogo kiasi kwamba Mheshimiwa ulimmeza mmoja na kichwa chake huku ukihutubia juu ya vizazi vijavyo. Aliyewavua samaki watoto wale alipigiwa makofi. Chupa za plastiki mlizoacha uwanjani niliziokota mimi, na mojawapo ndiyo ninayowekea mtama wa Askofu.

4. Kware hana kitambulisho. Mkimzuia mtegaji wa Kenya, ndege anavuka zake mpaka, anategwa Uganda, kisha Apolot, dada ya mke wangu, anamrudisha Busia mjini kutuuzia. Nilipomweleza masaibu yangu hakunipa hata pole. Alisema, "Ssebo, hiyo kamati yenu Mungu aibariki. Biashara iko sawa kabisa!" Sijui kama kamati iliundwa ili kumsaidia Apolot, lakini anawasalimu.

5. Kutokana na hayo ni wazi kwamba anayewinda ndiye anayelinda, maana pori likiisha naye ameisha. Anayetega kware mmoja anayapenda mazingira kidogo. Anayetega gunia zima anayapenda kuliko sisi sote. Madereva wa malori walio kwenye foleni ya Malaba wagawiwe vitanzi: watazima injini wenyewe ili wasiwatishe ndege, na moshi utakwisha. Shule za Butula zipande milingoti badala ya miche, kwa sababu mlingoti haukauki. Nami niteuliwe Mlinzi Mkuu wa Kware, nipewe sare na buti, kwa kuwa katika kaunti hii hakuna mtu anayewawaza kware kunishinda.

Kwa hiyo naomba Askofu arudishwe nyumbani kabla ya Jumamosi, siku ambayo Quinton ametangaza kwamba mtamwachia huru kule majanini kando ya mto. Alfajiri kwangu imekuwa kimya. Mke wangu anasema sasa analala vizuri, lakini mimi sijazoea.

Sasa, shemeji, nisalimie Zephaniah na watoto wote, pamoja na mama mkwe wako, ambaye ni mama yangu. Msalimu hata Quinton, ingawa alikanyaga viazi vyangu. Wanakamati wengine wasalimu kwa jumla.

Wako katika kuyapenda mazingira,

Phanuel Mulama,
Mtegaji.

N.B. Shemeji, kama barua hii haitasikilizwa, basi msimwachie kule mtoni, nakusihi. Mtegaji mwenzangu Ochom ana milingoti mitatu pale, na madume yake yana sauti nzuri. Askofu alikulia mikononi mwangu, hajui kitanzi ni nini. Akisikia mwenzake anaita, atadhani ni rafiki na atakwenda mbio. Mtu anayeweza kumdanganya ndege namna hiyo hana utu. Kama ni lazima aachiwe, kwanza wakamateni wategaji wote wa Matayos. Nitawaonyesha nyumba zao mwenyewe. Yangu mnaijua.