Aliyeshauri Tangi Lioshwe Afukuzwe

Bukavu, tarehe 14 Machi 2001

Kwako Papa Apollinaire, Chef wa avenue yetu,

...na ndiyo maana nilikuwa nakuambia Jumapili pale mlangoni pa kanisa, kabla mume wangu hajanivuta mkono, kwamba nyumba yetu ni nzuri sana. Sikumaliza. Ni nzuri sana, ila inanuka essence, yale mafuta ya magari. Évariste wangu (yule mwalimu mrefu aliyenibeba kuvuka matope siku ya harusi, na hadi leo ananibeba) anasema mambo haya hayasemwi mbele za watu. Basi nayaandika, kwa heshima zote, kwa namba kama masista walivyotufundisha.

Historia unaijua. Mwenye kituo cha mafuta kilicho mteremkoni, juu ya nyumba yetu, alikimbia vita mwaka wa 98. Pampu zilibebwa na waliozipenda, likabaki tangi chini ya udongo. Likapata kutu, likatoboka ubavuni, essence ikawa inadondoka kuelekea chemchemi tunayochota maji. Mwezi uliopita, kwa ushauri wa mtu mmoja msomi ambaye hukututajia jina, uliitisha salongo, ile kazi ya wote: Jumamosi kila nyumba ilete bidoni mbili za maji ya sabuni, tangi lioshwe. Tukaliosha. Nilivaa kitenge changu cha harusi kwa heshima ya shughuli. Maji yakakaa chini, essence ikapanda hadi penye tundu, na sasa haidondoki tena. Inatiririka. Hongera sana.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Maji. Évariste alininusa shingoni nilipotoka kuoga maji ya chemchemi, akasema nanukia kama gari jipya, nikafurahi siku tatu nzima. Siku ya nne nikatoka vipele. Watoto wa Maman Rosette, wanaokunywa chemchemi hiyohiyo, wanatapika tangu wiki iliyopita, na wao hawana hata wa kuwasifia harufu.

2. Moto. Mama mkwe wangu alipanda gari kutoka Walungu na mbabula mpya, jiko la makaa, na gunia la makaa yake, ili bibi-arusi awashe moto wake wa kwanza na kumpikia bugali, kama ilivyo desturi ya kwao. Nilimwambia kwetu haiwashwi hata njiti. Nikaenda kupika kwa Agathe, nyumba ya nne juu, ambako essence haifiki, nikarudi na sahani. Akala polepole, kisha akasema: “Muke wa mutoto wangu anapikaka kwa majirani sawa mutu mwenye wamefukuza.” Mbabula aliondoka nayo. Nimeolewa wiki ya kumi na moja sasa, Papa Chef, na sina moto.

3. Mapenzi. Umeme hakuna, mshumaa hatuthubutu. Tunakula dagaa wa sambaza baridi gizani tumeshikana mikono. Sikatai kwamba inapendeza. Lakini mtu hutamani pia kuuona uso aliouoa.

4. Walinzi. Askari wanakuja kuchota essence kwenye mfereji wetu kwa chupa. Évariste ananifariji kwamba tunalindwa kama waziri. Jana mmoja alichuchumaa pale mfereji unapopita, sigara mdomoni. Nilipiga magoti kumsihi. Akanicheka: “Maman, usiogope, nitaizima na mukono.” Aliizima kweli.

5. Jumamosi ijayo. Nasikia umetangaza tuoshe tena, safari hii bidoni nne kila nyumba. Tufanye hesabu. Bidoni mbili zimeileta essence mferejini. Nne zitaileta barazani. Kufikia Pasaka itakuwa chini ya kitanda chetu, ambacho ni kipya. Kufikia Pentekoste itakuwa ziwani, na hapo utaitisha salongo ya kuosha ziwa, na sabuni ya ukubwa huo sijui tutaitoa wapi.

Kwa hiyo naomba. Jumamosi lisimwagwe hata tone. Tangi linyonywe kwa pampu ya mkono, lifukuliwe, na chemchemi ifungwe. Na huyo msomi afukuzwe katika avenue hii, atenganishwe na mkewe miezi mitatu, ale baridi, na mama yake mzazi aletwe amwone.

Ukikataa, karibu kwetu na Maman Georgette mle bugali ya moto, jikoni mwangu. Kiberiti nitakupa wewe, mkubwa wetu, uwashe.

Salamu kwa Maman Georgette, kwa watoto, kwa karani wako, na kwa wote walioleta sabuni.

Mwenye furaha asiye na moto,
Delphine, mke wa Évariste (bado napenda kuliandika)

N.B. Évariste amesoma barua hii. Akavua miwani, akaivaa, akaniambia kwamba msomi ni yeye. Alikushauri kwa nia njema: katika kitabu chake cha kemia essence huelea juu ya maji ili ichotwe kwa urahisi, ila tangi la kitabuni halina tundu. Tafadhali futa ombi la kumfukuza, hasa ile miezi mitatu. Mama yake asiambiwe. Ombi la maji usilifute: Jumamosi lisimwagwe hata tone, naye sasa anasema hivyohivyo. Anatafuta pampu ya kuazima, na sepeto anayo. Bado hajapata uso wa kukutazama, kwa hiyo mpe siku chache. Tutakuja kwako sote wawili kabla mwezi huu haujaisha, mimi nikiwa nimemshika mkono asigeuke njiani.