Diploma Yangu Juu ya Chungu cha Togwa

Ndugu zangu Josefu na Hamisi,

Leo nimeadhirika. Tena mchana kweupe, nikiwa nimevaa suti.

Nawaandikia ninyi kwa sababu tulilala bweni moja kule Ulaya na mnajua mimi si mtu wa kuchezewa. Mnajua nilikotoka. Mtoto wa mchunga mbuzi wa Kiomboi, nikajilipia ada kwa kuuza asali barabarani, mpaka siku nikapanda ndege. Ndege! Katika ukoo wetu mzima hakuna aliyewahi kuigusa hata bawa. Nikarudi na diploma ya ufundi wa pampu za maji, yenye muhuri mwekundu, nikaitia kwenye fremu ya kioo. (Ndiyo, natembea nayo mkobani. Mtu akiniuliza mimi ni nani, sipotezi maneno.)

Sasa sikilizeni.

Mkuu wangu kazini hapa Singida ni Bwana Masanja, Msukuma mrefu asiyecheka. Tangu niripoti sijawahi kuona meno yake. Juzi pampu ilizima alfajiri. Mimi nalala gesti upande wa pili kabisa wa mji. Nilipofika jua limeshapanda, na akina mama wamepanga ndoo kama askari gwaride, wananitazama mimi na suti yangu.

Leo asubuhi Bwana Masanja akaniita.

"Fundi wa pampu analala karibu na pampu. Wewe unalala wapi?"

"Gesti, mkuu. Bado natafuta chumba chenye hadhi."

"Tafuta chenye mlango. Jioni hii nitapita upande wa pampu. Usiponionyesha unapokaa, kesho unakwenda Itigi, na hapa namleta fundi mwingine."

Ndugu zangu, hii ndiyo pampu ya kwanza niliyokabidhiwa peke yangu. Nimeshamwambia mama kwamba mji wa Singida unakunywa maji kutoka mkononi mwangu. Ameshawaambia Kiomboi nzima. Kanisani ametangaza! Ningeanzia wapi kumweleza Itigi?

Nikapanda baiskeli.

Karibu na pampu kuna nyumba moja tu ya bati na sakafu ya saruji. Mwenyewe ni mzee mmoja mwenye kofia ya kijani ya chama. Chumba kitupu nakiona dirishani kwa macho yangu.

"Mzee, shikamoo. Kodi ya chumba hicho ni kiasi gani?"

Alinivuta ndani kama mtu aliyetukana mbele ya mkutano.

"Punguza sauti! Kupokea kodi siku hizi za ujamaa, unataka waniite mnyonyaji?"

"Basi nikae bure, mzee."

"Ukae bure? Mke wangu ataniita mjinga."

Tukatafuta sote wawili njia ya katikati. Haikuwepo. Nikaondoka.

Wapita njia wakanielekeza mbele zaidi, Mwankoko. Upepo wa Singida mnausikia tu kwa masimulizi yangu. Leo ulikuwa unanisukuma kifuani kama mtu tunayedaiana naye. Tai imeruka begani, miwani ya jua imejaa vumbi. Nikafika kwenye boma moja kubwa lenye zizi la ng'ombe mbele, na nyuma yake tembe. Tembe, ndugu zangu! Nyumba ya udongo, paa bapa la udongo, mtama umeanikwa juu. Nilijiambia: mimi niliyelala ghorofa ya tano leo nitalala chini ya mtama? Lakini kutoka pale pampu inasikika inavyonguruma. Nikashuka.

Mlangoni alikuwa ameketi bibi mmoja mwembamba anapepeta. Jina lake Bibi Hawa, nilikuja kujua baadaye. Sitalisahau.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mbona miwani myeusi, unaumwa macho?"

"Hapana, bibi. Ni ya kuzuia jua. Nimeinunua Ulaya."

"Kwani Ulaya kuna jua?"

(Swali zuri. Mnakumbuka miezi ile ya baridi. Nikajifanya sikusikia.)

Nikamweleza shida yangu. Akasema chumba kipo, mwanawe amehamia kijiji kipya cha ujamaa pamoja na mkewe. Akaniambia niingie nitazame. Nikainama, bado haikutosha, nikagonga paji la uso. Nikainama zaidi.

Na hapo, ndugu zangu, nikasimama.

Nje upepo unalia na jua linachoma. Ndani ni kimya. Ubaridi mtulivu, kama kuingia kwenye kivuli cha mwamba mkubwa. Nguzo nene zimesimama kwa mstari, zimeng'azwa na mikono ya watu ambao labda wote wameshakufa. Sakafu imekandikwa, haina hata ufa. Mwanga unaingia kwa kitundu kimoja tu, unalala chini kama kitambaa cheupe. Nilishika nguzo moja nikaisukuma. Haikujali kabisa kama mimi nipo. Nimekaa katika majengo yenye lifti, lakini sikuwahi kuvua miwani kwa heshima ya jengo. Leo nilivua.

Nikakitaka chumba kile. Nikakitaka kuliko nilivyoitaka diploma.

Nikatoka nje na kuuliza kwa sauti ya kiungwana, "Bibi, masharti yako ni yapi?"

"Kwanza niambie. Kwenu hasa ni wapi?"

"Kiomboi. Mimi ni Mnyiramba kamili, baba na mama."

Aliweka ungo chini. Taratibu. Akanitazama toka viatu mpaka utosi, kisha akapaza sauti kuelekea kwa majirani:

"Jamani! Njooni muone! Mtumwa wangu aliyetoroka amerudi, na amevaa viatu!"

Nilishtuka mpaka mkoba ukanidondoka.

"Bibi! Nchi hii imepata uhuru! Hakuna mtumwa!"

"Uhuru wameupata watu. Wanyiramba nani aliwaambia?"

Majirani wanakuja, wanawake kwa wanaume. Bibi ameshaokota mkoba, ameshaufungua, ametoa diploma yangu. Akaigeuza juu chini. Akakigonga kioo kwa kucha, kong kong.

"Hiki ni nini?"

"Ni diploma yangu, bibi. Tafadhali, ni kioo."

"Inafaa." Akaingia jikoni, nami nyuma yake, akaiweka juu ya chungu cha togwa. Ilienea sawasawa. Muhuri mwekundu unatazama dari. "Nilikuwa natafuta kifuniko tangu mwaka jana."

Mimi nifanyeje? Mtu mzima hajibiwi, hasukumwi, hanyang'anywi kitu mkononi. Ndivyo nilivyolelewa. Kwa hiyo nilifanya kile nilichoona ni cha msomi. Nikafunga vifungo vya koti, nikaenda kumshitaki kwa balozi wa nyumba kumi.

Balozi ni Mzee Ntandu, mtu wa sauti ya chini. Nilimweleza yote: kuitwa mtumwa, kunyang'anywa mali, kutukaniwa kabila. Alinisikiliza mpaka mwisho, midomo ameikaza.

"Jambo zito hili," akasema. "Tuitishe baraza."

(Sasa najua kwa nini midomo aliikaza.)

Watu walijaa mbele ya zizi la Bibi Hawa. Bibi mwenyewe aliketi kwenye kigoda, ametulia. Nikapewa nafasi ya kusema. Ndugu zangu, nilihutubia! Nikaanza na uhuru, nikaingia kwenye usawa wa binadamu, nikagusa na pampu za maji. Nikasema taifa la kijamaa haliwezi kujengwa na watu wanaofunika vyungu kwa elimu. Wakapiga makofi. Wengine walikuwa wanajifuta machozi. Nikajua nimewagusa.

Mzee Ntandu akasimama.

"Kijana, umesema kwenu ni wapi?"

"Kiomboi."

"Kabila?"

"Mnyiramba."

"Na huyu bibi ni Mnyaturu?"

"Naambiwa ni Mnyaturu."

"Naam." Akageukia watu. "Mimi nimezaliwa hapa, na baba yangu amezaliwa hapa. Sijawahi kuona Mnyiramba akimshitaki Mnyaturu kwa sababu ya utani."

Utani!

Kicheko kilichopasuka pale kilishindana na upepo. Kuna mama mmoja alilala chini kabisa. Mimi nimesimama katikati, kidole bado kiko hewani. Yote yakanijia kwa mpigo. Marehemu babu yangu Kiomboi, Mnyaturu akipita njiani alikuwa anamkamata, anamvua kofia, anamwita mwizi wa kuku, kisha wanakula sahani moja mpaka jioni. Mtani akikushikia kitu, nawe unamkamatia kuku, mnatukanana vizuri, mnamaliza. Mtani ndiye anayekuzika! Hata mtoto anajua. Mimi nilikuwa najua. Sijui nililiacha uwanja gani wa ndege jambo hili.

"Sasa faini," akasema balozi. "Bibi, useme wewe."

"Mtani asiyejua utani si mtu, ni mbuzi," akasema Bibi Hawa. "Na mbuzi hufungwa."

Akanijia, akashika tai yangu (ile ya hariri, Hamisi, uliyoniazima ukasahau), akaniongoza mbele ya umati mpaka kwenye nguzo ya zizi, akanifunga. Nikaenda. Ningefanya nini? Akanitupia na majani ya kunde mbele.

"Mbuzi wangu amesoma!" anawaambia watu. "Mkitaka barua, leteni karatasi, ataandika kabla hajazila!"

Na ni hapo hapo, wakati nimefungwa kwa tai kwenye zizi, majani miguuni, nikasikia injini ninayoifahamu.

Landirova. Bwana Masanja.

Alishuka taratibu, akafunga mlango. Watu wakampisha. Akanitazama. Akatazama tai, nguzo, majani. Nikaiona Itigi mbele yangu, nikaiona na sura ya mama yangu pale kanisani.

"Fundi," akasema.

"Mkuu," nikasema. (Mtu aliyefungwa zizini anasema nini kingine?)

Bibi Hawa akajitokeza. "Na huyu mlingoti ni wa wapi?"

"Msukuma huyo, bibi!" mtu akapaza sauti.

Nilifumba macho. Nilitaka kumwonya bibi wa watu kwamba huyu si wa kutaniwa. Huyu hana meno.

Lakini nilichosikia ni Bwana Masanja akinguruma:

"Kumbe! Nyie Wanyaturu mmeishiwa mbuzi mpaka mnafuga mafundi wa serikali?"

Nikafumbua macho. Msukuma naye ni mtani wao! Kofia ameshaitupa ndani ya gari. Kwa hatua chache ameshamkamata jogoo wa Bibi Hawa, amembana kwapani.

"Huyu nakwenda naye! Ni fidia ya fundi wangu!"

"Weka chini, mla panya wewe! Babu yako nilimnunua kwa chumvi, na alikuwa mvivu!"

Akamkimbiza na mwiko. Ndugu zangu, mkuu wangu, ambaye ofisini hata nzi hutua kwa adabu, alikimbia kuizunguka Landirova, jogoo anapiga kelele, bibi yuko nyuma yake na mwiko, kijiji kizima kinashangilia. Na anacheka! Ana meno! Mengi, meupe, na pengo moja upande wa kushoto. Nilisahau kwamba nimefungwa. Nilimtazama yule bibi mwembamba, hajavuka hata mlango wa shule, na ameufanya mchana mzima uzunguke pale anapotaka yeye. Sijaona mtu mkubwa kama yule katika nchi yoyote niliyokanyaga.

Walipochoka, Bwana Masanja akamrudisha jogoo, akanigeukia. Kicheko kikaisha.

"Umepata chumba?"

Nikafungua mdomo. Bibi Hawa akawahi.

"Hana chumba, ana zizi." Akaja akanifungua tai. "Njoo, mbuzi."

Nikamfuata, nikainama vizuri safari hii. Ndani ya kile chumba sakafu ilikuwa mbichi, imetoka kukandikwa upya, bado inanukia. Kitanda cha kamba kimeletwa, juu yake ngozi laini na blanketi. Pembeni mtungi wa maji na kata yake.

"Lini hivi vyote, bibi?"

"Ulipokwenda kunishitaki," akasema. "Niliwaambia majirani wafanye haraka. Mshitaki akirudi atakuwa amechoka."

Mshitaki, ndugu zangu. Mimi! Nilitazama tu zile nguzo.

"Na kodi, bibi?" nikauliza kwa sauti ndogo.

"Kodi na mtumwa wangu? Utanichotea maji asubuhi kabla hujaenda kazini."

Bwana Masanja aliinama mlangoni, akasikiliza pampu inavyonguruma kwa mbali, akaitikia kwa kichwa. "Karibu vya kutosha," akasema, akaondoka. Itigi haikutajwa tena.

Kwa hiyo nimepata makazi. Kesho fundi wa pampu za maji, mwenye diploma ya Ulaya, atapita njiani na ndoo ya maji kichwani, kwa sababu bomba letu halijafika Mwankoko. (Hilo nitalishughulikia haraka, amini.)

Tatizo limebaki moja. Diploma bado iko juu ya chungu. Kwa desturi ya utani lazima niiibe mwenyewe, kwa akili. Nimejaribu jioni hii wakati anakamua ng'ombe. Nimefika mpaka jikoni, nimeishika kabisa fremu, nikasikia nyuma yangu: "Mbuzi, togwa bado haijaiva."

Mkiniandikia, juu ya bahasha wekeni: Mbuzi Msomi, kwa Bibi Hawa, Mwankoko. Itafika, hapa hakuna asiyenijua. Kicheko tu msikitie humo, maana barua zangu kasema atazifungua yeye.

Wenu,
Elia