Breki Zangu za Tela la Boti

Jumatatu, 11 Februari 1957

Siku kubwa! Boti la Chama chetu cha wakulima wa mpunga limefika Ifakara. Limekuja juu ya tela lake la magurudumu mawili, rangi ya buluu, likivutwa na lori letu. Watu waliacha biashara zao sokoni wakaja kutazama boti. Mimi nilitazama tela. Hapo ndipo utakapomjua mtu mwenye kichwa.

Jioni mkutano. Mwenyekiti, Bwana Barnaba, akauliza nani anajua mambo ya breki za tela. Nikasimama. Nikasema mimi, Hermenegildi, nimefanya kazi kwa fundi wa magari Kilosa. Ni kweli tupu. Nilishika jeki. Siku nyingine nilishika taa. Barnaba akauliza kama kuna mwingine. Akauliza tena. Akatazama hata mlangoni. Mwisho akasema haya, tela ni mikononi mwangu mpaka Jumamosi, siku ya kuliteremsha boti mtoni kule Kivukoni. Mambo yakienda sawa, nitakuwa Msimamizi wa Tela, kazi ya kudumu, yenye kofia.

Kofia! Lakini sikusimama kwa ajili ya kofia. Nilisimama kwa ajili ya Digna. Mke wangu yuko kwao Idete tangu kabla ya Krismasi. Baba mkwe, Mzee Fridolin, alikuja kumchukua, akasema atamrudisha siku nitakapopata kazi yenye jina. Nyumba imekuwa baridi. Nakula ugali nikiongea na jogoo. Namtaka mke wangu arudi, basi, nimesema. Na Jumamosi Mzee Fridolin amealikwa kwa niaba ya Idete, maana wakati wa mafuriko boti litawabeba watu wao. Ataniona kwa macho yake.

Dosari ni moja tu. Dereva wa lori ni Leodegar, Mngoni. Sisi Wapogoro na Wangoni ni watani, kwa hiyo yeye ana ruhusa ya kunitukana kutwa nzima na mimi sina ruhusa ya kununa. Leo ameniuliza kama najua upande gani wa tela ndio wa mbele. Nimecheka kama desturi inavyotaka. Moyoni nimenuna.

Jumanne, 12 Februari

Nimezielewa breki! Peke yangu!

Ni hivi. Tela halina dereva, kwa hiyo linajifungia breki lenyewe. Lori likipunguza mwendo, tela linakuja kwa uzito wake na kulisukuma. Shingo ya tela inaingia ndani kidogo, inavuta ufito wa chuma ulio chini, na ufito unabana magurudumu. Nimeigundua siri hii kwa kuisukuma shingo kwa tumbo asubuhi nzima. Tumbo linauma. Heshima imepanda.

Leodegar akaja na neno lake. Akasema lori likirudi nyuma pia shingo inasukumwa, kwa hiyo tela litajifungia breki wakati hulitaki. Ndiyo maana pana kile kichuma kidogo juu ya shingo. Ukitaka kurudi nyuma unakilaza, ukimaliza unakiinua. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Tela linalokataa kurudi nyuma! Mngoni akikosa la kusema hutunga hadithi.

Mchana tukajaribu kurudisha. Tela likakataa kurudi nyuma. Magurudumu yakaganda, likaburuzwa kama mbuzi anayepelekwa mnadani, likachimba mitaro miwili mbele ya ofisi ya Chama. Leodegar akakionyesha kile kichuma kwa kidole. Mimi nikajua mara moja kwamba tela hili ni kaidi na linahitaji adabu. Nikaifunga shingo kwa waya, mizunguko mingi, ikatulia tuli. Tukajaribu tena. Likarudi kama mwana mwema!

Leodegar akasema sawa, lakini sasa hata likienda mbele halina breki, nifungue waya. Nikamwambia utani wake leo ni mzuri kuliko wa jana. Waya haufunguliwi. Kazi nzuri haivunjwi.

Alhamisi, 14 Februari

Siku ya ukaguzi. Nimekagua kama walivyokagua Kilosa. Jeki chini, gurudumu juu, zungusha kwa mkono, tega sikio. Watoto wa shule walisimama kunitazama. Nikawaambia watazame vizuri, si kila siku.

Gurudumu la kushoto lilipiga kelele. Kwiii! Nikaivuta kidogo breki ya mkono, ule mpini ulio kando ya shingo, kelele zikazidi. Kitu kinachopiga kelele kina kiu, kila mtu anajua hilo. Mlango, baiskeli, hata mtoto. Nikafungua gurudumu, nikakuta ndani vibao viwili vilivyopinda, vile vinavyolibana lizunguke polepole mpaka lisimame. Vikavu kabisa! Masikini. Nikaenda nyumbani kuchukua kopo la mafuta ya kiboko, mafuta halisi, ambayo marehemu bibi alikuwa akijichua magoti. Nikavipaka vyote, kushoto na kulia, kwa ukarimu. Nikazungusha tena. Kimya! Gurudumu lilizunguka muda mrefu kiasi kwamba nilienda kunywa maji nikarudi nikalikuta bado linakwenda.

Leodegar akapita, akanusa. Akauliza hii ni harufu ya nini. Nikamwambia kwa fahari. Akavua kofia. Akaniambia mimi Mpogoro kwamba breki inafanya kazi kwa kukwaruza, na kitu kilichopakwa mafuta hakikwaruzi, nikavioshe vibao vile kwa petroli kabla ya Jumamosi. Alijitahidi sana kuukunja uso. Nilimsifu. Nikamwambia tangu nizaliwe sijapata mtani anayeweza kutania bila kutabasamu. Nikampa kipande cha muwa.

Halafu jaribio la mwisho. Nikaliweka tela katikati ya uwanja wa kuanikia mpunga, pale penye sakafu tambarare, nikavuta breki ya mkono, nikakaa kulitazama. Halikutikisika! Nimekaa mpaka jua likazama. Halikusogea hata unywele.

Ijumaa, 15 Februari

Shemeji Theodosia, mdogo wake Digna, alikuja sokoni kuuza mchele. Nikamweleza yote: shingo, ufito, waya, mafuta. Nikamwomba amfikishie dada yake. Nilimwambia pia amwambie nyumba imefagiliwa, jambo ambalo litakuwa kweli kesho.

Alasiri akanirudishia majibu kwa mdomo wa mwenye baiskeli. Digna ananisalimu. Amenitumia kambare mkavu, aliyefungwa kwa jani, jinsi ninavyompenda. Na anauliza: Leodegar anasemaje kuhusu hizo breki?

Leodegar! Mke anaambiwa mumewe ameelewa chombo kizima, kisha anauliza habari za mtani. Nimeumia kidogo. Lakini kambare nimemla, na kusema kweli nilipokifungua kile kifurushi machozi yalinilenga. Kesho, Digna. Kesho utarudi.

Usiku nimepata wazo. Mzee Fridolin asisimame na watu wa kawaida. Akae ndani ya boti, juu ya tela, kwenye kiti, aone breki za mkwewe zinavyofanya kazi akiwa juu yake. Wazo kama hili haliwajii watu wote.

Jumamosi, 16 Februari

Boti limeingia mtoni. Hilo ndilo la kwanza na ndilo kubwa. Mengine ni maneno.

Njia nzima ya kwenda Kivukoni Leodegar alilalamika kwamba kila akipunguza mwendo tela linampiga lori mgongoni. Nikamwambia linamhimiza. Tulipofika watu walikuwa wamejaa ukingoni. Kwaya ya akina mama, Bwana Barnaba na tai yake, Digna nyuma kabisa kwenye kitenge cha njano. Moyo wangu! Nikampigia shikamoo baba mkwe kwa unyenyekevu, nikampandisha ndani ya boti, nikamketisha kwenye kiti cha mikono, nikampa mwavuli wake. Akauliza kama pako salama. Nikamwambia baba, hapo ni salama kuliko kitandani kwako.

Mpango wa Barnaba ulikuwa lori lirudi nyuma polepole mpaka majini. Huo mpango hauna sura. Nani angeziona breki? Nikatangaza kwamba tutalifungua tela kutoka kwenye lori hapo hapo juu ya mteremko, na mimi nitalizuia kwa breki ya mkono peke yake, kwa vidole viwili, watu wote wakitazama. Nikavuta breki. Leodegar akaja amebeba jiwe kubwa, akataka kuliweka nyuma ya gurudumu. Akanisogelea sikioni, akasema: “Hermenegildi, kwa jina la mama yangu, leo sikutanii. Acha jiwe likae.”

Hapo ndipo nilipocheka kuliko siku zote. Mtani akikwambia hakutanii, huo ndio utani wenyewe! Jiwe nikalipiga teke. Mguu bado umevimba. Nikachomoa pini ya lori.

Kwanza tela lilifikiri. Kisha likaanza kwenda, taratibu, kimya kabisa, bila hata kwiii. Niliona fahari kwa ule ukimya. Nikaongeza kidole cha tatu. Nikaongeza mikono yote. Nikakumbatia shingo. Likanivuta kifudifudi kwenye matope mpaka miwa na matete yakaniingia kwenye shati, nikaachia kwa hiari yangu. Likaingia mtoni kwa kishindo, boti likainuka, likajitenga na tela lake, likaelea vizuri mno. Likashika mkondo. Baba mkwe alikuwa amekaa wima kwenye kiti, mwavuli umefunguka, anatutazama akipungua.

Akina mama wa kwaya walidhani ndivyo ilivyopangwa. Wakapiga vigelegele! Na mimi, kutoka matopeni, nikawapungia mkono.

Upande wa chini wa mto kiboko akainua kichwa akatazama. Nadhani alinusa mafuta ya ndugu yake. Watu wakaanza kupiga kelele za namna nyingine. Digna alikuwa anakimbia kando ya maji akimwita baba yake, na sauti ile sitaki kuisikia tena. Leodegar alikuwa amekwisha kurukia mtumbwi wa mvuvi. Alipiga kasia kama mtu anayedaiwa roho. Akalifikia boti kabla ya kiboko, akalifunga kamba, akalivuta.

Lakini hakulifikisha ukingoni! Alisimama hatua chache kutoka nchi kavu, akasimama wima mtumbwini, akatangaza kwa sauti kwamba Wangoni wameteka mzee wa Kipogoro vitani, na mateka hatoki mpaka mkwewe atoe jogoo. Akamwambia Mzee Fridolin aketi vizuri, mateka gani anakaa na mwavuli kama bibi harusi. Umati ukaangua kicheko. Mzee Fridolin alikuwa amefura, midomo inamcheza, lakini afanye nini? Mtani hanuniwi. Akajaribu kununa, ikashindikana. Akacheka. Nimemwona meno baba mkwe kwa mara ya kwanza tangu nimuoe binti yake! Akajibu kwamba Mngoni mwizi wa kuku hajui kuteka, anajua kuokota.

Nilikimbia nyumbani na kurudi na jogoo wangu. Jogoo yule niliyekuwa nakula naye. Ama kweli Mngoni hana huruma.

Jumapili, 17 Februari

Baada ya Misa Bwana Barnaba alizungumza nami nje ya kanisa. Akasema Msimamizi wa Tela atakuwa Leodegar. Nimeelewa. Kazi ngumu ya breki nimekwisha kuimaliza, iliyobaki ni kusimamia tu, na hiyo hata Mngoni anaweza. Leo, tela likiwa limekwisha kuvutwa kutoka mtoni, yuko pale ofisini anafungua waya wangu na kuviosha vibao vyangu kwa petroli. Anaharibu, lakini ni ofisi yake.

Na Digna amerudi! Amekuja na kapu lake kichwani, akaingia, akaifagia nyumba. Baba yake amemruhusu. Alisema mtu aliyemchekesha namna ile hawezi kunyimwa mke, ila kwa sharti moja: nisiguse tena tela maisha yangu yote. Nimekubali. Sina kinyongo na matela.

Digna ananiambia ni Leodegar aliyeniokoa. Eti kama asingeligeuza jambo lile kuwa utani, baba yake angenuna mpaka kaburini, na yeye asingerudi. Nimemwambia Leodegar alitaka jogoo, basi. Alinipakulia wali na kambare, akakaa karibu nami nikala. Nimeshiba. Nimefurahi mno.

Jumatano, 20 Februari

Mzee Fridolin anakuja Jumapili kututembelea. Miguu yake si ya kupanda kilima cha nyumbani kwetu akitoka barabarani, kwa hiyo nimetengeneza mkokoteni wa kumpandisha na kumteremsha. Mkokoteni si tela. Nimeuwekea breki ya mti, ubunifu wangu mwenyewe, inabana gurudumu ukivuta kamba. Ilikuwa inapiga kelele. Nimeitibu. Mafuta ya kiboko yamebaki nusu kopo.

Leodegar alipita jioni, akautazama mkokoteni, akanusa, akashika kichwa kwa mikono miwili. Akaniomba kwa jina la mama yake nisimpandishe mzee. Nimecheka mpaka nikakohoa. Watani hawa wana vipaji!

Digna hakucheka. Alikwenda nyuma ya nyumba akarudi amebeba jiwe kubwa, akaliweka karibu na mlango. Sijui la nini.