Robo ya Kura kwa Ajili ya Yvette

Jumatatu, 10 Machi

Nimepewa! Mimi, Ghislain Lambrechts, mwakilishi wa wafuga njiwa wa mashindano, ndiye nitakayeandika maoni ya kamati yetu kuhusu watu waliosukumwa nje ya ajira. Ulaya nzima ina wajumbe wake hapa Brussels, na kalamu nimekabidhiwa mimi. Quintela, yule Mreno wa vyama vya wafanyakazi, alinipongeza juu juu tu. Akasema afadhali njiwa, wao angalau hufikisha ujumbe. Watu wakacheka. Nami nikacheka ili nisionekane nimeumia. Niliumia.

Uenyekiti wa kitengo cha ajira utakuwa wazi mwezi wa tano. Quintela anautaka. Mimi nautaka zaidi. Maoni yangu yakipita bila kura hata moja ya kupinga, nani ataninyima? Mkakati ni maneno laini, kila mtu ayameze bila kutafuna.

Jumatano, 12 Machi

Siku ya mashahidi. Alikuja profesa na michoro yake, tukasinzia kwa heshima. Kisha akaja Yvette Pirotte wa Charleroi, mama wa makamo, koti jekundu, hana hata karatasi. Alisema siku hizi ukiomba kazi ya jikoni unaitwa kwa siku ya majaribio. Unamenya viazi, unasugua masufuria, jioni unaambiwa ahsante, tutakujulisha. Hujulishwi. Kesho yake anamenya mwingine. "Kila siku pale jikoni kuna mtu wa majaribio," alisema, "na sijawahi kumwona aliyefaulu."

Waliosinzia waliinua vichwa. Hata mkalimani masikioni mwangu alijikwaa kwenye sentensi hiyo. Niliguswa, kweli kabisa. Yvette akaomba sentensi moja tu katika maoni yetu: siku ya majaribio ni siku ya kazi, ilipwe. Nikamwahidi mbele ya wote kwamba itaingia. Nilisimama kabisa! Nadhani nilipendeza.

Alhamisi, 13 Machi

Bibi Vossberg, kiongozi wa kundi la waajiri, alinivizia kwenye mashine ya kahawa. Mwanamke wa Hamburg, hapandishi sauti kamwe. Alisema sentensi ile ikibaki, kundi lake lote litapinga. Ikitoka, watabonyeza ndiyo hadi mtu wa mwisho. Kisha akaniita "mwenyekiti", akajifanya ulimi umeteleza. Ah, ulimi ule!

Nimeitoa. Mahali pake nimeandika kwamba kamati "inatambua umuhimu wa kuanza kazi kwa staha". Staha haijawahi kumdhuru mtu.

Jumatatu, 17 Machi

Chakula hakipiti. Leo nimeagiza kome na chipsi, nikaacha chipsi. Yvette amenitumia ujumbe kuuliza sentensi yake inaendeleaje, kama mtu anayeulizia mgonjwa hospitalini. Nikajibu inaendelea vizuri. Aibu ilinipanda hadi masikioni.

Halafu, wazo! Kanuni zetu zinasema pendekezo likishindwa lakini likapata robo ya kura, huchapishwa nyuma ya maoni, kwenye kiambatisho. Liko nje na liko ndani! Sentensi ishindwe, Vossberg afurahi. Ichapishwe, Yvette afurahi. Mimi nikae kwenye kiti. Inatakiwa tu ishindwe vizuri.

Nikamwendea Quintela, nikamwomba airudishe sentensi kama pendekezo lake. Akauliza si mimi mwenyewe niliyeitoa? Nikasema ndiyo. "Ndugu yangu," akasema, "wewe unauma na kupuliza kama panya." Lakini alitia saini.

Jumatano, 19 Machi

Nimezunguka korido zote. Kila niliyekutana naye nilimshika kiwiko na kumnong'oneza: usimwambie mtu, nipe kura moja kwa ajili ya yule mama, pendekezo litashindwa tu, huna cha kupoteza. Wafini wamekubali. Wamalta wamekubali. Hata watu wa Vossberg wawili watatu! Kumbe ni rahisi sana kuunga mkono jambo la heri ukihakikishiwa litashindwa. Mzee mmoja wa Ljubljana alinishukuru. Alisema tangu siku ile ya mashahidi alidhani ni yeye peke yake aliyeguswa. Hilo lilinikaa moyoni kwa muda. Baadaye nikasahau nani nimemwambia na nani bado, nikawaambia wote upya.

Alhamisi, 20 Machi

Limepita!

Ubao wa kura umegeuka kijani mbele ya macho yangu. Vossberg alivua vipokea sauti vyake taratibu na kuviweka mezani. Hakuniita mwenyekiti. Ilipofika kura ya maoni yote, kundi lake lilipinga kama alivyoapa. Yamepita, lakini yamechubuka. Na pendekezo la ushindi limebeba saini ya nani? Ya Quintela! Watu walimzonga kama bwana harusi. Alikuja kunikumbatia, akauliza mbona nimekaa kama mfiwa.

Yvette alikuwa juu, kwenye viti vya wageni. Analia. Nami nikalia, kwa sababu zangu. Alishuka, akanishika mikono yote miwili. "Bwana Ghislain, wewe ahadi kwako ni deni." Kisha akauliza sentensi yake inaanza kutumika lini.

Ningemwambia nini? Kwamba sisi kazi yetu ni kushauri. Wakubwa wakipenda watasoma, wakisoma watashukuru, wakishashukuru wataweka kabatini. Hakuna mwajiri aliyewahi kukosa usingizi kwa maoni yetu. Nilitaka kumwambia, nakiri mbele ya Mungu. Ila alikuwa bado amenishika mikono, na ni miaka sasa hakuna mtu aliyenitazama namna ile. Nikasema imeshaanza.

Jumatano, 26 Machi

Yvette amepiga simu. Jumatatu aliitwa kwa majaribio kwenye jiko la nyumba ya wazee, kulekule Charleroi. Safari hii walimpenda. Mpishi mkuu alishamwonyesha kabati la kuwekea viatu vyake. Jioni akaomba malipo ya siku, akaeleza kwamba kamati ya Brussels imekwishaamua. Meneja akauliza sheria gani hiyo. Yvette akamtajia jina langu. Meneja akacheka, akamwambia basi aende akapike kwa Lambrechts. Kabati amepewa mtu mwingine.

Hakunilaumu. Laiti angenitukana! Aliuliza tu kama pengine alilisema vibaya, kama kuna neno maalumu alilopaswa kutumia. Nilisema nitaangalia. Nimemdanganya mtu asiye na nafasi ya kudanganywa hata mara moja. Inaniuma. Chakula hakipiti tena.

Ijumaa, 28 Machi

Nimekula vizuri! Kuna maoni mapya yanatafuta mwandishi: kwa nini raia hawatuamini tena. Nimeomba. Quintela hana muda, ana kampeni ya uenyekiti. Hii ni yangu. Nitamtuliza Vossberg kwa maneno laini, na makali yote nitayapeleka kwenye kiambatisho. Mbinu ile haina kasoro. Nilizidisha tu kunong'ona.

Kinachokosekana ni shahidi. Namtaka mtu halisi, aliyevunjwa moyo hivi karibuni, anayeweza kuongea bila karatasi. Nikampigia Yvette. Bahati nzuri hana kazi, siku yoyote inamfaa. Aliuliza kama safari hii watasikiliza. Nikamwahidi. Halafu akauliza kama siku hiyo inalipwa. Nikamweleza vizuri kwamba kwa mashahidi hatuna utaratibu wa malipo, ila nauli anarudishiwa, na chakula cha mchana cha hapa atakipenda sana.