Kutekwa kwa Boya la Njano

Kusanyikeni, enyi wenye masikio, nanyi mliobandika vyungu upulizeni moto uzimike, kwani nasimulia vita ambavyo mababu zetu hawakupigana kwa kuwa walikuwa na akili: siku lilipotekwa boya la njano katika bwawa la mafunzo, ambalo maji yake, wasema wenye kijicho, humfika mtu kiunoni.

Kitindamimba wangu, jasiri wa maneno na mwoga wa maji, alilikimbia somo la kwanza la mitumbwi huku akilia, wenzake wakamcheka. Alikubali kurudi kwa sharti moja, auone uso wangu muda wote. Asipolifikia boya safari hii, alisema, ndiyo basi. Iliniuma, maana nilijua anautamani mtumbwi kuliko anavyouogopa.

Basi mimi, Simba wa Dawati, Mwenye Kitambi Kisichorudi Nyuma, nikajitia ndani ya jaketi la kuokolea maisha lililogoma kufungika, nikaketi omo, kule mbele, nikimwelekea yeye aliyeketi tezi, kule nyuma. Nikainua kafi juu, nikanena:

"Ewe bwawa! Umewameza wangapi?"

"Hakuna hata mmoja," akajibu mwalimu wa mitumbwi kutoka gatini. "Mzee, geuka uangalie mbele."

"Nimpe mwanangu kisogo? Abadan!"

Tukayavamia maji. Loo! Niliyachapa, nikayachota, jasho likanitiririka na kiuno kikaomba radhi, na mtumbwi usisogee. Mwanangu alivuta kuelekea kwenye boya. Mimi, kwa nguvu zote za ubaba, nilivuta kurudi gatini. Watoto wengine wakatupita wakiimba. Midomo yake ikaanza kutetemeka.

"Baba, hebu acha kupiga kafi."

"Shujaa haweki silaha chini!"

"Baba, wewe ndiye unaturudisha."

Nikaliweka kafi magotini. Akachovya lake kulia, akachovya kushoto, ameuma ulimi, na mtumbwi ukaenda, nami nikibebwa kinyumenyume. Hakunitazama tena. Alilitazama boya, juu ya bega langu, na hofu ilikwisha kumtoka machoni.

Akanyoosha mkono, akaligusa. "Nimefika!" Kisha, kwa upole: "Baba, wiki ijayo wewe ubaki gatini."

Na iandikwe, wajukuu wasome: boya la njano lilitekwa, na jemadari wa omo akastaafishwa papo hapo kwa heshima zote. Akalia kidogo, akasingizia maji.