Kamati Ilivyotafuna Ripoti Yangu

Jumatatu, 8 Desemba 2025

Ripoti imeliwa.

Mwaka mzima! Imetafunwa na kamati ile ile iliyoitaka. Wakashukuru, wakajipangusa midomo, wakaondoka. Vero, andika hivyo hivyo. Vero ni mke wa mwanangu Gosbert. Kalamu anashika yeye, maana mimi shule niliiona kwa nje tu nikipita na mbuzi. Na asinune, aliyeipakua hiyo ripoti ni yeye.

Ngoja nianze vizuri. Mimi ni Kokubanza wa hapa Ndama, mjane wa Leonidas. Mwaka jana mkutano wa kitongoji ulitaka kufunga banda la video la Hagenimana. Eti watoto wanaona mambo. Aliyepiga kelele kuliko wote ni Celestina, jirani yangu. Tulibatizwa siku moja, akalia yeye, nikasifiwa mimi, mpaka leo hajanisamehe. Mwenyekiti wetu Rwegasira akasema achaguliwe mzee mmoja wa heshima, aangalie kila picha mwaka mzima, azipe alama, mwisho wa mwaka asimame aeleze ipi inafaa na ipi haifai. Ripoti isipokuwepo, banda kufuli. Nikachaguliwa mimi. Celestina naye aliutaka huo uchaguzi! Mtu anayetaka banda lifungwe!

Basi kila Jumamosi saa tisa mchana nakaa mbele kabisa, kwenye kiti chenye mgongo. Wengine benchi. Tangu Leonidas afariki hakuna mahali watu wananisogezea kiti isipokuwa pale. Hilo usiandike. Umeandika? Haya.

Alama natoa kwa kahawa. Hii yetu ya kutafuna, amwani, inayochemshwa na majani yake ikakaushwa, ambayo mgeni anapewa hata kabla hajaulizwa habari za kwake. Picha nzuri punje tano, mbaya punje moja. Nafunga kwenye jani kavu la mgomba, juu nachomeka kitu cha kunikumbusha. Unyoya wa kuku, ile ya watu wanaoruka. Uzi mwekundu, ya damu. Vifurushi arobaini na kimoja, ndani ya kikapu, juu ya meko. Sikumwambia mtu. Alama ni siri.

Leo niko shambani napalilia, kamati ikaja kunikumbusha kwamba mkutano ni Jumapili hii. Watu kumi na wawili, Celestina naye yumo. Mvua ikawafungia ndani. Vero akaona wageni, akashusha kikapu. Nimemfundisha mwenyewe!

Naingia mlangoni, kikapu kinazunguka mara ya tatu. Ningefanya nini? Kahawa ukishampa mgeni huinyang'anyi. Nikasimama na jembe langu, natabasamu, naangalia mwezi wa tatu wote unaingia mdomoni mwa Rwegasira.

Vimebaki sita.

Jumanne, 9 Desemba

Nimehesabu tena. Sita.

Vero anasema ningemwambia. Andika kwamba nilimwambia. Anakataa kuandika.

Tumefungua hivyo sita. Unyoya: watu wa kuruka juu ya mapaa. Punje tatu. Wanaruka vizuri, lakini tangu mwanzo hadi mwisho hakuna aliyekula hata ndizi moja. Nguvu wanatoa wapi? Uzi mwekundu: ya polisi. Mbili. Risasi nyingi, kilio hakuna. Mtu anakufa barabarani, ndugu hawaji hata kuuliza maziko lini. Kipande cha kanga: harusi. Nne. Bibi harusi alitoroka kanisani, lakini alivua viatu kwanza. Huyo ana akili. Mfupa wa samaki: punje tano! Picha gani? Sikumbuki. Nilipenda nini mimi? Kifungo cha shati, sikumbuki. Ganda la yai, sikumbuki.

Ninayoikumbuka vizuri haina kifurushi, maana haijaisha. Mama mmoja kipofu, shemeji kamnyang'anya shamba. Kaenda mwenyewe kwa hakimu, anapapasa ukuta. Kafika. Kafungua mdomo aseme. Sola ya Hagenimana ikakata! Hiyo ilikuwa Oktoba. Na mimi mambo ya mashemeji nayajua, Leonidas alipokufa nilipapasa kuta hizo hizo na macho yangu mazima. Hagenimana alisema sehemu ya pili inakuja Januari. Kama banda litakuwepo. Mimi nife bila kujua yule mama alisema nini?

Bombani leo Celestina anawatangazia watu kwamba nilimpa kifurushi chenye punje moja. Moja! Eti hata kuku hatupiwi punje moja. Eti Jumapili ataniuliza picha moja moja mbele ya watu.

Jumatano, 10 Desemba

Nimepata akili. Nitaenda kwa Hagenimana anipe orodha ya picha, nijaze alama upya. Rahisi!

Hagenimana hana orodha. Ana kopo la maziwa limejaa vile vidude vya kuchomeka kwenye luninga, vyote vyeusi. Nilipomwambia kilichotokea alikaa chini kwenye benchi lake mwenyewe. Akasema bibi, umeniua. Akasema banda hilo ndilo shamba lake, lingine hana, watoto wake wanne wanakula kwenye hilo. Nikamwambia asilie, nina mpango. Akauliza mpango gani. Nikamwambia mpango ni yeye.

Halafu akaniambia jambo. Afadhali angenyamaza. Picha anatafsiri mwenyewe, anasimama na kipaza sauti, si ndiyo? Ikikosekana mpya, anaonyesha ya zamani, anatafsiri tofauti. Ile ya mganga aliyefukuzwa kijijini na ile ya kocha wa mpira ni picha moja! Mtu yule yule, kofia ile ile! Mganga nilimpa tano. Kocha nilimpa moja, nikasema hana uso wa kuaminika.

Nimeondoka zangu. Yeye yuko nyuma ya banda analalamika, kuna mtu anamkanyagia maharage yake kila Jumamosi. Mtu ana msiba wa namna hii, anaongelea maharage.

Alhamisi, 11 Desemba

Mpango wa pili. Kuwazungukia walaji, kila mmoja aniambie alitafuna punje ngapi, ila nisiulize. Mgeni haulizwi alichokula.

Nikaanza na Rwegasira. Kanipa shikamoo nzuri. Nikamwambia mwenyekiti, meno yako yanaendeleaje. Akasema yapo. Nikamwambia kahawa ya juzi haikuyasumbua? Akasema bibi, ile kahawa, kifurushi cha kwanza tano, cha pili tano, nilijisikia mtu mkubwa, hata mke wangu nimemwambia. Tano mbili. Za picha gani? Eti kimoja kilikuwa na takataka juu, akaitupa. Takataka! Ile ilikuwa Pasaka nzima.

Kwa Celestina nikabeba senene. Bakuli zima, nimewanyonyoa mabawa na miguu mwenyewe, nimewakaanga mpaka wanalia. Hakufungua mlango. Kaongea dirishani, pua tu naiona. Akasema mama Gosbert, rudi na wadudu wako. Nikasema Celestina, ile punje moja ni bahati mbaya, mkono wa Vero. Akasema si mkono wa Vero, ni roho yako. Akasema Jumapili nijiandae, ataanza na ile ya ng'ombe.

Ng'ombe gani?

Nimerudi nyumbani nauliza njia nzima. Ng'ombe gani? Vero hajui. Gosbert nimempigia yuko Murongo na mizigo yake, akasema mama, unaumwa? Nimekula senene wote mwenyewe kwa wasiwasi.

Jumamosi, 13 Desemba

Leo banda halijafunguliwa. Hagenimana anasubiri kesho. Nimepita nikaona kiti changu kimegeuzwa miguu juu.

Sasa sikilizeni mpango wa tatu. Nimefunga vifurushi upya. Thelathini na vitano, pamoja na vile sita. Nani anajua? Nimechota kahawa bila kuangalia, nne hapa, mbili pale, juu nimechomeka chochote nilichookota uani. Nitasimama, nitafungua, nitasema: hii tatu, inafaa. Hii moja, haifai. Celestina akiuliza ng'ombe nitasema tutafika huko.

Vero anasema huo ni uongo. Nimemwambia uongo ni kusema kitu unachojua si kweli. Mimi sijui kama si kweli.

Presha iko juu. Sijapima, lakini naisikia masikioni.

Jumapili, 14 Desemba

Mawe, mama yangu we! Andika polepole, usiache kitu.

Mkutano ulikuwa baada ya ibada, ndani ya godauni la chama cha msingi. Watu wamejaa mpaka kwenye mizani. Hagenimana amesimama karibu na mlango, suti ya harusi yake, jasho. Celestina mstari wa mbele, mikono kifuani. Nikaweka kikapu mezani, nikageuka kurekebisha kanga.

Nikageuka tu!

Rwegasira kaona kikapu. Akasema ndugu zangu, huyu bibi ana adabu ya kizamani, katuletea kahawa hata mkutanini. Akachukua kimoja, akapitisha. Kikapu kikaenda mstari wa kwanza, wa pili, nyuma kabisa. Nikafungua mdomo, nikaufunga. Wageni ni wageni. Nasikia godauni zima linatafuna, kama mbuzi wameingia kwenye mahindi.

Kikapu kimerudi kitupu. Rwegasira akasema haya, bibi, ripoti.

Nikasema kuna picha ya harusi. Nikasema bibi harusi alivua viatu. Watu wananiangalia. Nikasema kuna watu wanaoruka. Namwona Hagenimana ameshika ukuta kama yule mama kipofu.

Celestina akasimama. Nikajua nimekwisha.

Akasema ndugu wajumbe, huyu aulizwe kwa nini ile ya ng'ombe, ya mwezi wa tano, ya yule mzee anayetembea na ng'ombe wake mgonjwa siku sita akitafuta dawa, ameipa punje moja! Moja! Mzee anamfunika ng'ombe kwa koti lake, mvua inamnyeshea yeye, watu wazima walilia, na huyu kwenye kiti cha mgongo amelala anakoroma!

Rwegasira akauliza taratibu, mama, wewe uliionea wapi?

Celestina akashika mdomo.

Hagenimana kutoka mlangoni akapiga ukelele: maharage yangu!

Godauni lote likaangua kicheko. Mwaka mzima! Kila Jumamosi amesimama nyuma ya banda, ndani ya migomba, jicho kwenye mwanya wa mbao, siafu wanamla miguu. Alishasema banda lifungwe, sasa angeingia na uso gani? Ndiyo maana alikitaka kiti changu. Na kwenye ule mwanya alikuwa ananiona nafunga vifurushi vyangu. Juzi alipopewa kifurushi chenye unywele wa mkia wa ng'ombe, akakuta punje moja, akajua. Hakukasirikia kahawa. Alikasirikia alama!

Nikamwambia Celestina we, ulijua unatafuna ripoti? Akasema ningefanyaje, mama Gosbert, nimepewa kahawa ya mgeni niiteme?

Na hilo ni kweli.

Rwegasira akamwomba aendelee. Akaendelea! Januari mpaka Desemba, moja moja, bila kikapu, bila karatasi. Hata mfupa wa samaki: ile ya mjane aliyefungua hoteli ziwani. Kumbe! Ya mganga na kocha akasema ni picha moja, aligundua kwa kofia. Hagenimana akaangalia viatu vyake. Alipofika kwa mama kipofu akasema hiyo haina alama mpaka tujue alimwambia nini hakimu. Godauni zima likasema ndiyo, tujue.

Banda limepona. Mwaka ujao waangaliaji wawili, viti viwili vyenye mgongo. Hagenimana alinikumbatia mpaka kanga ikadondoka.

Vero anauliza nimejifunza nini. Nimemwambia nimejifunza kwamba kahawa ndiyo ilikuwa kosa.

Jumamosi, 3 Januari 2026

Sehemu ya pili imeonyeshwa!

Asubuhi Vero kanipa daftari jipya, eti nikirudi nimwambie alama aandike. Nimekataa. Daftari mtu yeyote anaweza kulisoma. Akauliza na hili tunaloandika je. Hili ni tofauti, hili ni siri.

Mimi mwaka huu nimejipanga. Senene! Waliokaangwa vizuri hawaozi, wanakaa miezi, na hakuna anayewapakulia wageni bila kuniuliza mimi. Nimebeba kwenye kopo lenye mfuniko. Celestina kaketi kulia kwangu, kiti chake kimeinuka kuliko changu, nitalisema hilo kwa Rwegasira.

Yule mama akafungua mdomo kwa hakimu. Akasema siwaoni nyote, lakini nipelekeni shambani, mniweke popote, nitawaambia kwa miguu nimesimama mgomba wa ngapi. Wakampeleka. Akawaambia. Shemeji mwenye macho akakosea! Nililia mpaka Celestina akanipa ncha ya kitenge chake. Nikahesabu senene watano, nikawaweka kwenye jani, juu ya goti, nitafute kamba ya kufungia.

Kupata kamba, wamebaki wawili.

Nikageuka kulia. Taya linakwenda. Nikasema Celestina! Akameza, akasema picha ni nzuri, ila pale katikati ilirefuka, ameshusha alama tatu.

Wiki ijayo nahamia karanga. Nitaziweka goti la kushoto.